Udongo una subira, maji hayana

Kipalapala, Jumapili jioni

Najua nimepotea. Majaribio ya katikati ya muhula yalinibana kweli kweli. Leo nimepata nafasi, basi nijibu lile swali ambalo kila anayeingia chumbani kwangu huliuliza kabla hata hajakaa: "Hivi hayo majani humo kwenye kioo unayalisha nini?" Swali la pili huwa ni bei. Mwanachuo ni mwanachuo tu.

Kwa ambao hamjafika: nina tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Fundi wa vioo mjini alinikatia akaliunga kwa silikoni. Ukitoa mchanga na ile nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 40. Humo ndani hakuna samaki. Kuna mimea, na kuna uduvi kama thelathini, wale wadogo wa Ziwa Victoria ambao mkubwa wao hazidi sana sentimita mbili na nusu. Kitaalamu wanaitwa Caridina nilotica. Jina hilo linatokana na mto Nile, na lilianza kuandikwa kwenye vitabu vya wataalamu mwaka 1833. Watu wa Mwanza wanawajua vizuri. Wanavuliwa pamoja na dagaa, wanaanikwa, wanauzwa kwa wenye kuku. Sangara wachanga nao ndio ugali wao. Kwa hiyo ndugu zangu, mimi nafuga chakula cha kuku! Cheka, halafu tuendelee.

Rafiki yangu wa Mwanza ndiye aliyeniletea wakiwa hai kwenye dumu, pamoja na mimea ya ziwa hilo hilo, baada ya kuulizia kwanza ofisi ya uvuvi maana kuhamisha viumbe hai vya majini kuna taratibu zake. Wengine wananiuliza kwa nini sikuchukua kamba wa Ziwa Tanganyika. Kweli sisi watu wa Tabora tuko njia panda. Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji, halafu reli ikafuata: ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Ziwa lolote kati ya hayo mawili ukilitaka, unapanda tu. Na Ziwa Tanganyika lina kamba wadogo wa aina zaidi ya kumi ambao huwapati popote pengine duniani, mtaalamu W. T. Calman wa Uingereza alianza kuwaelezea mwaka 1899. Ila maji ya lile ziwa yana pH inayokaribia 9. Sababu ya kuiogopa hiyo 9 mtaiona mbele kidogo. Nikaamua Mwanza.

Sasa mbolea.

Mwezi Novemba, mvua zilipoanza kunusa, baba mdogo alikuja mjini kutoka Sikonge. Yeye ni mkulima wa tumbaku wa miaka mingi. Sehemu ya ada yangu inatoka kwenye yale majani yake, kwa hiyo mkono wake kwangu si mwepesi. Alipita chumbani kunisalimia, akalitazama tangi kwa muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, hivi ni chambo?" Nikamwambia hapana baba, nawafuga tu. Akatikisa kichwa. Halafu akaona majani ya mmea mmoja yamepauka, na hapo akawa yuko nyumbani. Mkulima akiona jani limepauka hawezi kunyamaza. Akasema, "Hili lina njaa." Akatoa kwenye begi lake kifuko cha karibu kilo moja na nusu: mbolea ya tumbaku, NPK 10:18:24, na juu yake kikaratasi cha UREA. Akasema weka kijiko kimoja kimoja, wiki ijayo utaniambia.

Wadau, hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kwa mtu ambaye hajakulia kwenye tumbaku, kilo moja na nusu ya mbolea ni kitu kidogo. Lakini mkulima anaichukua kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na deni linakatwa siku ya kuuza. Kila punje ya mfuko ule ina deni nyuma yake. Huyu mzee kaimega kwenye shamba lake akaniletea mimi, kwa ajili ya uduvi! Kuikataa ni utovu wa adabu. Kuitia ndani ya tangi ni kuua wote thelathini. Na kuipokea kwa tabasamu halafu kuificha chini ya kitanda ni uongo, tena uongo kwa mtu anayenilipia ada.

Nikaamua kumweleza. Na nawaeleza nyinyi vile vile nilivyomweleza yeye, maana alinielewa, na yeye hajasoma kemia.

Mmea unataka naitrojeni. Naitrojeni hiyo huja kwa sura mbili kubwa: amonia na naitreti. Shambani zote mbili ni nzuri tu. Ukiweka UREA shambani, vijidudu vya udongo vinaigeuza kuwa amonia, udongo wa mfinyanzi unaishika, na vijidudu vingine vinaigeuza taratibu kuwa naitreti. Yaani udongo una subira. Unapokea, unahifadhi, unagawa kidogo kidogo. Nyungunyungu hata hajui kilichopita.

Maji hayana subira. Unachokitia leo kinamfikia kila mkazi wa tangi leo hii, na kinapita kwenye matamvua yake moja kwa moja. Na amonia ina tabia mbaya: kiasi gani chake ni sumu kali kinategemea pH. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo huru, ile inayoua, haifiki hata asilimia 1. pH ikifika 8, inakuwa kama asilimia 5. Ikifika 9, inapita theluthi moja. Ukipanda hatua moja ya pH, sumu inaongezeka karibu mara kumi. Sasa mmeona kwa nini niliogopa maji ya Kigoma?

Tupige hesabu. Gramu moja ya UREA, yaani chini ya nusu kijiko cha chai, ina asilimia 46 ya naitrojeni. Kwenye lita 40 hiyo ni kama miligramu 11.5 kwa lita. Ikishageuka yote kuwa amonia, kwenye pH 8 sehemu iliyo huru ni kama miligramu 0.6 kwa lita. Wafugaji wa viumbe vya majini wanataka isifike hata 0.05. Umezidisha mara kumi na zaidi kwa gramu moja tu, wakati mzee alisema kijiko! Na kuna mtego mwingine. UREA haigeuki papo hapo. Siku ya kwanza uduvi wanacheza, unajisifu. Sumu inakuja siku ya pili, ya tatu, wewe umeshasahau. Tena tangi lenye mimea lililo karibu na dirisha, pH yake hupanda mchana kwa sababu mimea inamaliza hewa ya ukaa iliyomo majini. Ndiyo kusema saa nane mchana, wakati maji yanapendeza kuliko wakati wowote, ndiyo saa mbaya.

Baba mdogo akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Mbona bwana samaki anawaambia watu wa mabwawa waweke UREA na DAP, na perege wanakua?" Swali zuri kuliko mengi tunayouliza darasani. Jibu ni kwamba bwawa lina tope chini, na tope ni udongo, lina ile ile subira. Pia bwawa ni kubwa, perege ni wagumu, na lengo la kule ni maji yawe ya kijani ili perege wale hicho cha kijani. Mimi maji ya kijani siyataki, na uduvi si perege.

Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka leo. Alisema kwenye tumbaku nako huwezi kuweka mbolea kwa kuangalia jina tu. Unaangalia potashi yake imetoka kwenye nini. Ile inayotokana na chumvi yenye klorini ni rahisi zaidi, na kwa mahindi haina shida, lakini tumbaku ikinywa klorini nyingi jani haliwaki vizuri, na likikataa kuwaka linashuka daraja, na likishuka daraja umelima bure. Ndiyo maana mbolea ya tumbaku hutengenezwa kwa potashi ya salfeti au ya naitreti. "Kumbe na wewe una tumbaku yako," akasema. "Basi katafute ile ya naitreti. Soma mfuko, usisome picha."

Usisome picha! Hilo ndilo somo lote la leo, mengine ni maelezo tu.

Kesho yake nikaingia mjini kuzunguka maduka ya pembejeo na daftari mkononi. Wenye maduka walidhani nimetumwa na ofisi fulani, teh teh. Haya ndiyo niliyoyaandika, kwa mtu mwenye mimea na uduvi kwenye kioo.

UREA (46% naitrojeni). Ni rahisi sana. Kwenye mpango wa ruzuku msimu wa 2022/23 mfuko wa kilo 50 ulishushwa hadi shilingi 70,000, yaani shilingi moja na senti arobaini kwa gramu. Kwanza, ruzuku ni ya wakulima waliosajiliwa, si ya mapambo ya chumbani. Pili, mmeshaona hesabu. Hapana.

SA na DAP. Naitrojeni yote ni ya amonia. Hapana, tena hapana.

CAN. Hii inadanganya watu kwa sababu ina kalsiamu na ina naitreti, na uduvi wanahitaji kalsiamu. Lakini nusu ya naitrojeni yake ni amonia. Sumu nusu ni sumu.

NPK za punje, ikiwemo 10:18:24. Fosfeti ni nyingi mno kwa tangi, na kwa kawaida fosfeti hiyo huja imefuatana na amonia. Wengine wanafinyanga punje ndani ya kidonge cha udongo na kukizika chini ya mizizi. Inafanya kazi kwenye tangi la samaki. Kwenye uduvi, siku unapong'oa mmea kidonge kinafumuka, basi tena.

Fosfeti ya Minjingu. Hii naipenda kwa hadithi yake tu. Kule karibu na Ziwa Manyara ndege walikaa na kunya na kufa kwa maelfu ya miaka, na leo tunachimba. Lakini inayeyuka pole pole, na kwenye maji yenye pH ya juu ndiyo kabisa. Shambani kwenye udongo wenye tindikali, sawa. Kwenye kioo inakaa tu kama mchanga.

Mbolea za maji za kupulizia majani. Hapa soma mgongo wa chupa mpaka mwisho. Nyingi zina UREA ndani yake. Nyingi zina shaba pia. Watu wa uduvi wanaogopa sana shaba, na mimi nilikuwa nadhani hata chembe inaua. Ukweli ni kwamba damu ya uduvi hubeba hewa kwa kutumia shaba, kama yetu inavyotumia chuma, kwa hiyo kidogo wanaihitaji. Kinachoua ni kuzidi. Kama chupa inasema chuma asilimia 7 na shaba asilimia 0.1, basi ukiweka chuma miligramu 0.1 kwa lita, shaba inayoingia ni kama miligramu 0.0014. Hiyo si kitu. Ila dawa ya kuvu ya rangi ya bluu, ile ya nyanya, yenyewe ni shaba tupu. Isikaribie tangi, wala kijiko chake, wala ndoo yake.

Mbolea ya kupimiwa kwenye kopo. Muuzaji mmoja alinionyesha punje nyeupe, akasema "hii ni ile ile." Ile ipi? Mfuko hauonekani, namba hazionekani. Kwa mchicha unaweza kubahatisha. Kwa uduvi hapana.

Na mwisho nikaikuta: naitreti ya potasiamu, ya unga unaoyeyuka wote, imeandikwa 13-0-46. Wakulima wa mboga na matunda wanaitumia kwenye umwagiliaji wa matone. Asilimia 13 ni naitrojeni na yote ni naitreti, hakuna amonia. Asilimia 46 ni potashi, na potashi ndiyo hasa tangi la uduvi linalokosa. Maana naitrojeni kidogo na fosforasi zinatoka kwenye chakula na kinyesi chao, potashi haitoki kwingine. Lile jani la baba mdogo lilikuwa la zamani, la chini, lenye vitundu vidogo kama limetobolewa na sindano. Hiyo ndiyo dalili ya njaa ya potashi. Jani jipya likipauka ndipo unashuku chuma. Jani la zamani likiwa la njano lote bila vitundu, naitrojeni.

Sasa sikilizeni hesabu hii, ndiyo iliyonichekesha. Gramu moja ya naitreti ya potasiamu ina naitreti kama gramu 0.61. Mimi nataka kuongeza miligramu 5 za naitreti kwa lita kila wiki, inatosha kabisa kwa mimea isiyo na haraka. Lita 40 mara 5 ni miligramu 200. Kwa hiyo nahitaji theluthi moja ya gramu kwa wiki. Kilo moja ingenichukua wiki 3,000. Miaka 58! Ningeandika wosia.

Yaani kumbe mbolea haikuwa ghali hata kidogo. Kilichokuwa ghali ni ukubwa wa mfuko. Na zile chupa ndogo za matangi zinazoagizwa kutoka nje, ukisoma mgongoni, nyingi ni chumvi hizi hizi zimeyeyushwa. Unalipia maji yaliyopanda ndege. Tukachangishana watu watano wa hosteli, watatu wana matangi na wawili wana mboga kwenye makopo. Tukanunua kilo moja, kila mmoja gramu 200. Mgao wangu utanifikisha zaidi ya miaka kumi, nitakuwa nimeshahitimu na kusahauliwa.

Namna ya kupima bila mizani ya maabara: nenda na gramu zako kwa mtu mwenye mizani midogo, hata sonara, akupimie gramu 50. Tia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, tikisa mpaka iyeyuke yote. Mililita 10 za maji hayo kwa bomba la sindano, lisilo na sindano yenyewe, zina ile theluthi ya gramu. Chupa moja ni dozi 150. Andika kwa kalamu ya wino mzito "MBOLEA, USINYWE", kwa sababu mwenzangu wa chumba hunywa chochote kilicho ndani ya chupa. Tia jioni au asubuhi, mara moja kwa wiki, baada ya kubadilisha maji kidogo kama ndoo ndogo ya lita tano. Kama maji yako ni ya bomba yenye dawa, yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha kwanza. Ukiona uduvi wanaogelea mbio kwenda juu kama wanaokimbia kitu, usisubiri kesho, punguza maji na utie mengine masafi.

Mengine ni ya bure au karibu na bure.

Magnesiamu: haluli ya chumvi ya duka la dawa, yaani chumvi ya Epsom, gramu moja kwa mwezi inanitosha.

Kalsiamu: ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa. Uduvi wanajivua gamba kila mara wanapokua. Simaanishi lile la kisiasa la 2011, hili ni la kweli! Gamba jipya linajengwa kwa kalsiamu. Lakini usitie chokaa ya kupaka nyumba, pH itaruka mpaka dari.

Majivu: watu wengi wamenishauri majivu kwa sababu yana potashi. Kweli yana, na Tabora hatukosi majivu. Lakini yanapandisha pH vile vile, na mmeshajua pH inafanya nini kwa amonia kidogo iliyomo. Yapeleke bustanini.

Chuma: nimeweka udongo wa kichuguu chini ya mchanga, sentimita mbili, kutoka mahali ambapo hakuna shamba linalopuliziwa dawa. Mchwa ni wachimbaji wazuri. Udongo wao mara nyingi una mfinyanzi na madini zaidi ya udongo wa kichanga unaouzunguka, na ule mfinyanzi unaleta ile subira ndani ya maji.

Chakula: jani kavu la mkungu, lililoanguka lenyewe. Linalainika, linaota utelezi, uduvi wanaulamba wiki nzima. Chakula kidogo maana yake uchafu kidogo.

Na mimea yenyewe. Ukichagua mimea isiyo na tamaa, nusu ya tatizo imekwisha. Nina Ceratophyllum demersum, ile inayofanana na mkia wa mbweha na haina mizizi kabisa, inanyonya amonia moja kwa moja kutoka kwenye maji. Huyo ni askari wa tangi. Na nina Vallisneria, yenye majani kama utepe. Zote ni za Ziwa Victoria. Gugumaji usilete hata kwa utani, wala usimwage maji ya tangi lako mtoni au bwawani Igombe. Yamwage kwenye mchicha.

Jambo moja la mwisho, la kwetu sisi wa Tabora. Kama umetoka kushika majani ya tumbaku, nawa mikono kwa sabuni kabla hujaingiza mkono ndani ya tangi. Nikotini ni sumu ya wadudu, na uduvi kwa ukoo ni binamu wa wadudu. Baba mdogo nilipomwambia hili alicheka sana, akasema kumbe hata kumsalimia uduvi kuna masharti kama kumsalimia mkwe.

Na ile mbolea yake? Haikutupwa wala haikurudi Sikonge. Tulitoka nje pamoja siku ile ile, akanionyesha namna ya kuchimba vishimo vidogo pembeni ya mistari ya mchicha nyuma ya nyumba, kijiko kidogo kila kishimo, unafukia. Akasema, "Hapa ndipo pake." Mchicha tumekula mpaka tumegawa vyumba vya jirani. Yaliyotoka kwa mkulima yameingia udongoni, na kila kitu kikakaa mahali pake bila mtu kuvunjiwa heshima.

Wiki hii nimehesabu majike watatu wenye mayai chini ya tumbo. Vitundu kwenye majani mapya hakuna. Wakiangua nitahitaji tangi la pili au marafiki wa kuwagawia, kwa hiyo anayetaka aanze kutafuta kioo mapema. Masharti ni mawili tu: uniambie pH ya maji yako, na unionyeshe mgongo wa mfuko wa mbolea yako.

Nisiwachoshe. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Kazi kwenu, nawasilisha!